Picha za Bi Shanga

Gauni lilikuwa limeshavalishwa sanamu dirishani kwa Madamu Kioo, mshonaji wa ng'ambo ya barabara, ilhali kwa Mama Pindo mwenyewe lilikuwa bado halijatiwa mikono.

Mama Pindo alisimama katikati ya barabara na mfuko wake wa vifungo. Mwendesha pikipiki akampigia honi, akamkwepa, akamtukana, naye hakusikia hata neno. Alikuwa anakagua. Mikunjo saba ubavuni, yote ikielekea upande mmoja: ipo. Mkia wa gauni unaoanzia begani badala ya kiunoni: upo. Kola iliyosimama nyuma na kulala mbele, ambayo hajaiona kwa fundi yeyote duniani kwa sababu ilimjia akiwa anaoga: nayo ipo, tena imepigwa pasi vizuri.

Ilikuwa mara ya tatu mshono wake kuibwa. Lakini mara mbili za kwanza alikuwa na mtu wa kumlaumu. Safari hii hakuwa naye, kwa sababu mwizi alikuwa ameshafukuzwa wiki tatu nyuma.

Mwizi mwenyewe aliitwa Bi Shanga, na ukisikia walivyokuwa hawa wawili utashangaa. Mama Pindo alipewa jina na wateja, maana hakuna aliyewahi kuuona uzi wa pindo lake kwa nje. Yeye ndiye mchoraji na mkataji, na cherehani ni yake. Bi Shanga alikuwa wa kazi za mkono: kutia shanga, kushikiza lesi, kila kinachotaka sindano nyembamba na subira nene. Miaka ishirini na miwili walikaa meza moja, wakisikiliza redio moja, wakigombania dirisha lifunguliwe au lifungwe. Walizaa watoto wakiwa pale, wakazika wazazi wakiwa pale. Mteja mgeni akiuliza kama ni ndugu, Bi Shanga alikuwa akijibu, "Ndugu gani wanaelewana hivi?"

Halafu mishono ikaanza kuvuja. Mama Pindo huchora kwenye daftari, hupiga picha mchoro kwa simu ili amtumie mteja, kisha hulifungia daftari kwenye droo na ufunguo huuweka kifuani. Sasa mchoro uliofungiwa drooni unafikaje ng'ambo ya barabara? Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na akaanza kumtazama mwenzake kwa jicho la pembeni.

Akitaka kuona ubaya, aliuona. Bi Shanga alikuwa amebadilika. Ukimsemesha hakutazami usoni, anageuza kichwa na kutazama mlangoni, kana kwamba kuna mtu amesimama karibu na sikio lako. Kazi ya siku moja inachukua tatu. Mchana mmoja Mama Pindo alirudi mapema kutoka kununua uzi, akamkuta ameinamia kifua cha gauni la bibi harusi, simu mkononi, anapiga picha kwa karibu sana, simu inakaribia kugusa kitambaa.

"Unafanya nini?"

Bi Shanga alishtuka, akaitia simu kifuani. "Hakuna."

"Nipe niione."

"Ni simu yangu, dada."

"Kumbe ni wewe. Miaka yote hii, kumbe ni wewe!"

Bi Shanga alifungua mdomo, akaufunga. Hakuapa, hakulia. Alichukua kastabini yake ya kidole na kikopo cha sindano, akapapasa kitasa cha mlango kama mtu aliyelewa, akaenda. Asiyejitetea amekiri, alisema Mama Pindo, na kwa kuwa ulimi wake hauna pindo kama nguo zake, hadi jua linazama muuza vifungo alikuwa anajua, saluni nzima inajua, na mwenye kuuza chai amekwisha kuongeza chumvi yake.

Sasa mchoro huu wa tatu aliuchora siku kumi zilizopita. Peke yake. Mlango umefungwa. Bi Shanga hakuwepo, daftari halikutoka, ufunguo ulikuwa kifuani. Walioujua ni yeye, bibi harusi, na simu. Bibi harusi angejiibia gauni lake mwenyewe ili iweje?

Ikabaki simu. Na kama ni simu, basi Bi Shanga... Hapo Mama Pindo alikataa kuendelea. Aligeuka pale pale barabarani na kwenda kumtafuta Binti wa Kompyuta.

Binti huyu alikuwa mtoto wa mteja wake wa zamani, na suti yake ya kuhitimu chuo ilishonwa na Mama Pindo. Alikuwa na chumba juu ya duka la viatu, meza imejaa simu zilizofunguliwa matumbo, skrubu zimepangwa kwenye vifuniko vya chupa za soda. Alikuwa msichana wa maneno machache, na simu yake mwenyewe alikuwa ameibandika kipande cha plasta kwenye kamera ya mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, simu inaweza kumwibia mtu?"

"Inaweza," alijibu binti, bila hata kuuliza kitu gani.

Alivuta kiti, akakifuta vumbi, akaichukua ile simu. Kwa dakika chache alimwonyesha mambo ambayo Mama Pindo hakuyaomba. Hapa kuna orodha ya mahali ulipokwenda mwezi huu, mama: huku ni kwako, huku kazini, huku ulikaa dakika arobaini. Mama Pindo akaona aibu, kwa maana huko kwa dakika arobaini ni kwa mganga wa miguu na alikuwa amemwambia mumewe yuko kanisani. Hii programu ya tochi inasoma majina ya watu wako. Hii ya kalenda inasikiliza.

"Tochi inataka majina ya watu ili iweje?"

"Ndilo swali lenyewe, mama. Na hakuna aliyeliuliza."

Kisha akafungua orodha ya majina. "Huyu Mjomba Meno ni nani?"

"Simjui. Alikuja na simu."

Binti aliacha kugusa kioo. "Alikuja na simu?"

"Wako wengi. Kuna huyo, kuna 'Usipokee', kuna 'Kiwanja Cha Chini'. Nilidhani ni watu wa kampuni. Mjomba Meno niliwahi kumpigia kwa makosa, ni mtu mzuri sana, aliniulizia watoto."

Binti hakucheka. Akauliza simu ilinunuliwa wapi. Kwa Fundi Chapchap, alijibu Mama Pindo, kule sokoni, ambako mtaa mzima hununua. Na akaunti ilifunguliwa na nani? Akaunti gani? Chapchap alimwuliza kama ana barua pepe, akasema hana, Chapchap akasema "barua pepe utampelekea nani, mama?", wakacheka wote wawili, akambonyezea bonyezea na kumkabidhi simu inafanya kazi.

"Mama," alisema binti polepole, "nina dawa. Lakini dawa yenyewe inafuta kila kitu."

Akamweleza. Simu ina mfumo unaoiendesha, nao wa kiwandani umezoea kupeleka habari kwa waliouunda. Ipo mifumo mingine. Inaandikwa na watu wanaoianika kazi yao hadharani ili yeyote mwenye ujuzi akague kila mshono. Haidai akaunti. Programu ikitaka kamera, inapiga hodi kwanza. Ukiikatalia, inakaa nje. Si kila simu inaipokea, lakini hii yako, kwa bahati, inaipokea.

"Na mambo ya benki?"

"Programu zao nyingine hugoma. Ikigoma utakwenda dirishani kama zamani."

"Weka," alisema Mama Pindo. "Weka huo mfumo hata leo."

"Kwanza tuokoe picha zako. Lazima nijue zinahifadhiwa wapi, na hilo linataka neno la siri la akaunti."

Wakampigia Fundi Chapchap. Alipokea akiwa na mkate mdomoni, ukisikia tu unajua. "Neno la siri? Moja mpaka nane," alisema. "Wateja wangu wote ni hilo hilo. Akaunti ni moja, ni yangu, ili mtu akisahau nimkumbushe. Huduma baada ya mauzo, mama!" Akakata. Hakuuliza hata nani anapiga.

Binti na Mama Pindo walitazamana. Kisha binti aliandika moja mpaka nane kwenye kompyuta yake, na ghala la picha likafunguka.

Juu pameandikwa vifaa vilivyounganishwa: kumi na vinne. Chini yake picha zikamwagika kama shanga zilizokatika uzi. Mwanamume amefungua kinywa chote, anapiga picha jino la nyuma. Mtoto kwenye beseni. Hati ya kiwanja yenye mhuri. Barua ya mapenzi iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu. Kitambulisho cha mtu, mbele na nyuma. Mzee amelala hospitali na mpira puani. Halafu, katikati ya hayo, mchoro wa Mama Pindo: mikunjo saba, mkia wa begani, kola.

Mama Pindo alishika ukingo wa meza. "Hawa wanajua?"

"Kama ulivyokuwa unajua wewe."

"Mbona mimi sikuwahi kuwaona?"

"Wewe unafungua hapa, penye picha za ndani ya simu peke yake. Mwenye kufungua programu hii nyingine anaona za wote. Ni mlango ule ule, ila wewe huupitii."

"Miaka mingapi?"

"Tangu siku uliyonunua."

Akazidi kushusha picha, na Mama Pindo akapiga ukelele. Ilikuwa meza ya kukatia, kubwa, safi, na nyuma yake kioo cha duka ambacho mtaa mzima unakijua. Juu ya meza, mchoro wake umechapishwa kwenye karatasi, mkasi umelala juu yake kuuzuia usipepee. Picha ilikuwa imepigwa kwa simu ya Madamu Kioo, ambaye naye alinunua kwa Chapchap, na ambaye, bila shaka, alikuwa anaupitia ule mlango.

"Ndiye!" Mama Pindo alisimama, kiti kikaanguka. "Ndiye huyo! Nilijua! Nita..."

Hakumaliza, kwa kuwa binti alikuwa bado anashusha, na sasa kulikuwa na picha za kitu kingine.

Mishono. Ilikuwa mishono mitupu, safu kwa safu. Uzi mweupe kwenye satini nyeupe, umekuzwa mpaka unaonekana mnene kama kamba ya kuanikia nguo. Ushanga mmoja umejaza kioo kizima. Tundu la sindano, na ncha ya uzi imekosea tundu. Picha inayofuata, imekosea tena. Ya tatu, imeingia. Mamia ya picha za namna hiyo. Mama Pindo alikitambua kitambaa, kwa kuwa alikikata yeye. Akakitambua kidole chenye kastabini.

"Huyu ni Bi Shanga," alisema. "Lakini kwa nini apige picha mshono mmoja namna hii? Huwezi kuiga gauni kwa kutazama mshono mmoja."

Binti alishusha. Picha zikatoka kwenye mishono. Namba ya mlango. Bei ya sabuni. Maandishi madogo ya chupa ya dawa. Tundu la kufuli, limekuzwa, na ufunguo pembeni yake. Tarehe zilikuwa za wiki hizi tatu. Bi Shanga alikuwa anaitumia simu kutazamia.

Halafu ikaja barua ya kliniki ya macho, imepigwa picha kwa vipande vinne ili isomeke. Mama Pindo aliisoma yote kabla hajajua anasoma. Doa katikati ya jicho, macho yote mawili. Halitibiki, ila linaweza kucheleweshwa. Mgonjwa huona kwa pembeni, si kwa mbele. Ashauriwe kuacha kazi zinazohitaji kuona vitu vidogo. Barua ilikuwa ya miezi minane nyuma.

"Mama, hizi si zetu," alisema binti, akaweka kiganja juu ya kioo. Lakini ilikuwa imekwisha kusomwa mpaka sahihi ya daktari.

Mama Pindo alikaa chini sakafuni, kwa kuwa kiti kilikuwa bado kimeanguka na hakukumbuka kukiinua. Mtu haachi kukutazama usoni kwa hatia peke yake. Alikuwa anageuza kichwa ili amwone! Miezi minane mwenzake alimgeuzia kichwa ili amwone, naye akaandika mashtaka. Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini yake hayakusubiri hata kuzaa. Akajikuta anasema kwa sauti, mbele ya mtoto wa watu, "Nimemwua. Nimemwua mwenzangu kwa mdomo."

"Niendelee na simu?" aliuliza binti.

"Endelea."

Binti alizitoa picha zake Mama Pindo moja moja, akazihifadhi kwenye kadi ndogo. Akaunganisha simu na kompyuta kwa waya. Kioo kikawa cheusi, herufi nyeupe zikapita mbio, kisha simu ikawaka upya, tupu, bila Mjomba Meno wala mtu yeyote. Binti alieleza: hapa unaruhusu, hapa unakataa, akaunti hakuna. Asubuhi ile Mama Pindo angeibusu simu ya namna hiyo. Sasa aliitia mkobani kama kipande cha sabuni.

"Na picha zake? Huwezi kuzifuta?"

"Naweza, kwa kuwa neno la siri tunalo. Lakini zikifutwa huku zitapotea na kwake, na ndizo zinazomsaidia kuona. Aamue mwenyewe. Mwambie aje na simu yake. Mwambie leo, mama."

Bi Shanga alikuwa anaishi chumba na sebule nyuma ya ghala la mbao. Mama Pindo alipiga hodi mara tatu kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua. Mlango ukafunguliwa. Bi Shanga aligeuza kichwa kidogo, akatazama mlangoni pembeni ya mgeni wake, na Mama Pindo, ambaye sasa alijua anatazamwa barabara, alishindwa kuinua macho.

"Umekuja kuchukua nini?"

"Nimekuja kuomba radhi. Hukuiba."

"Kwamba sikuiba najua. Sikungoja wewe uniambie." Lakini alimpisha. Ndani palikuwa na nguo zilizofuliwa juu ya kochi, naye alirudi kuzikunja, mshono kwa mshono, vidole vikitafuta pindo. Mama Pindo alitaka kumsaidia, akaogopa.

"Mbona hukujitetea?" aliuliza. "Ungesema neno moja."

"Ningesema nini? Nilidhani umejua." Bi Shanga alikunja shati, akalipiga pasi kwa kiganja. "Nilidhani umeona nakosea tundu la sindano, ukaona haya kunifukuza kwa ugonjwa, ukatafuta la wizi. Nikasema haya, si neno. Fundi mwizi hupata kazi kwingine. Fundi asiyeona, nani atampa sindano? Nikafunga mdomo nikaondoka na wizi wangu."

"Sikujua, dada. Naapa sikujua."

"Usiape. Nilikwenda kwa Madamu Kioo kuomba kazi ya pasi. Pasi mtu huweza kuipiga kwa kupapasa. Akanishika bega mbele ya mafundi wake wote: 'Pole na macho, Bi Shanga, hilo doa limefika wapi?' Doa! Neno la daktari! Sijamwambia hata mwanangu. Nikasema ni Mama Pindo tu. Ameitangaza na hiyo." Akavuta taulo, akalikunja. "La wizi nilikusamehe siku ile ile. Hili la macho sikukusamehe."

Mama Pindo alimweleza. Alieleza vibaya, kwa kurudia rudia, akaanzia kwa Mjomba Meno akaishia kwenye mkasi wa Madamu Kioo, lakini Bi Shanga hakuwa mjinga. Simu yake mwenyewe alinunua wapi? Kwa Chapchap. Nani alimfungulia? Chapchap. Mikono yake iliacha kukunja.

"Watu wengine kumi na watatu wanaona picha zangu?"

"Kumi na wawili. Mimi nimetoka, nimeweka mfumo mwingine."

"Umetoka lini?"

"Leo."

"Baada ya kuona."

"Baada ya kuona," alikiri Mama Pindo.

"Barua pia?"

"Pia."

Bi Shanga alikaa juu ya zile nguo alizokunja. Alikuwa kama mtu aliyekuwa anaoga kwa raha zake, kisha akaambiwa ukuta wa bafu ulibomolewa tangu mwaka juzi. Akaitoa simu kifuani, akaishika kwa vidole viwili, mbali na mwili, na akaiweka sakafuni kifudifudi. Kisha akavuta kanga ya juu na kujifunika kifua, ingawa alikuwa amevaa vizuri tu.

"Kuna binti," aliharakisha Mama Pindo. "Juu ya duka la viatu. Atakutoa humo leo hii. Picha zako atakuokolea, zibaki kwako peke yako, na kamera itakukuzia vitu kama kawaida. Nitakupeleka mimi."

"Duka la viatu nalijua. Nitakwenda mwenyewe."

"Na urudi kazini, dada. Nakuomba. Shanga tutatafuta mtu, wewe utasimamia, utapokea wateja, uta..."

"Usinipangie." Hakupandisha sauti. "Simu imekuambia habari zangu zote kwa nusu saa. Mimi nilikaa mkono mmoja kutoka kwako miaka ishirini na miwili, na hukuniuliza. Uliniambia nikupe simu. Hukusema hata mara moja, 'Mwenzangu, una nini?'"

Mama Pindo alilia. Alilia vibaya, kwa makamasi, bila kitambaa, na Bi Shanga alimwacha alie. Baadaye kidogo alimrushia taulo kutoka kwenye zile nguo safi.

"Wale uliowaambia mimi ni mwizi, unawakumbuka?"

"Wote."

"Nenda kawaambie siyo. Mmoja mmoja, kwa mdomo huo huo. Na la macho usilitaje. Nitakayetaka ajue nitamwambia mimi."

"Wataniuliza picha zilikuwa za nini. Nitajibu nini? Hawataniamini!"

"La wizi waliliamini bila hata kuuliza," alisema Bi Shanga. "Kazi kwako. Ukimaliza, ndiyo uje tuzungumze habari ya kurudi."

Duka la vifungo lilikuwa halijafungwa. Muuza vifungo alimwona Mama Pindo macho mekundu, akaacha kuhesabu zipu, akaegemea kaunta na uso wa mtu aliyeletewa habari mpaka mlangoni.

"Nimekuja kukuambia," alisema Mama Pindo, "Bi Shanga si mwizi. Hakuwahi kuiba."

"Mh! Si ulimfuma kwa macho yako anapiga picha?"

"Nilimfuma."

"Basi alikuwa anapiga picha za nini?"

Jibu lilikuwepo, pale pale ncha ya ulimi. Lilikuwa jibu zuri, lenye huruma, na lingemsafisha yeye kuliko lingemsafisha Bi Shanga: kila mtu angesema, masikini, nani angejua? Mama Pindo alilimeza, na halikushuka kirahisi. Maisha yake yote hakuwahi kubaki na habari tamu mdomoni akashindwa kuitoa.

"Hilo ni lake," alisema.

"Lake vipi? Au amekutisha? Amekulisha kitu?" Muuza vifungo alicheka, akamkonyeza mteja mwingine. "Mama Pindo, huwezi kunifutia maneno uliyonipa mwenyewe halafu usinipe mengine."

"Nilikosea mimi. Mwizi hakuwa yeye, na mimi nilimsingizia. Hayo ndiyo ninayokupa."

"Yaani wewe ndiye mwongo?"

"Mimi," alisema Mama Pindo, na mteja yule mwingine akageuka kumtazama vizuri.

Akachukua mkoba wake, akavuka barabara kuelekea saluni. Mlango ulikuwa wazi, na ndani walikaa wanawake sita.